Kuufuata Mto Zigi: siku sita kutoka msitu wa Amani hadi kisiwa cha Maziwe

Mwezi wa tano, masika yalipokolea, nilivuka daraja la Amboni na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu. Mto Zigi ulikuwa umefura, rangi yake kama chai ya maziwa. Akaniuliza, "Mjomba, udongo wote huu unatoka wapi?" Nikamwambia unatoka Amani, juu huko milimani. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba nimezaliwa Tanga, nimelelewa kwa maji ya Zigi, na Amani sijawahi kukanyaga. Shule zilipofungwa mwezi wa sita tukafunga mabegi. Tulikubaliana tuanzie juu msituni, tushuke na maji mpaka baharini, na njiani tuwatafute viumbe ambao watu husafiri kutoka nje ya nchi kuja kuwatafuta kwetu.

Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari langu, daftari lake, na picha za simu.

Siku ya kwanza: Tanga, Muheza, Sigi, Amani

Tuliondoka stendi ya Kange saa tatu asubuhi. Muheza si mbali, na nauli ilikuwa shilingi 2,500 kila mmoja. Tulishukia kwenye machungwa yaliyopangwa mafungu kando ya barabara, tukanunua fungu la 1,000 tukidhani ni ya njiani. Yaliishia hapohapo stendi, maana gari la Amani tuliloambiwa linaondoka saa saba liliondoka saa tisa na nusu, lilipojaa mpaka mlangoni: magunia ya unga, kreti za soda, vifaranga kwenye boksi, na godoro moja lililokaa mapajani mwetu safari nzima.

Anayekwenda atoe fedha Muheza kabla ya kupanda. Na abebe sweta. Watu wa pwani huwa hatuamini kwamba kuna baridi ndani ya mkoa wetu.

Getini Sigi gari lilisimama tulipie kiingilio. Pale pana nyumba ya zamani ya kituo cha reli ya Wajerumani, reli nyembamba iliyokuwa ikipanda kutoka Tengeni kuja kuchukua magogo. Malipo hayapokelewi mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, na simu zetu zote mbili hazikuwa na mtandao. Dereva akaanza kupiga honi. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amekaa tu kibarazani akaninyang'anya karatasi yenye namba, akachukua fedha yangu, akapanda pikipiki akapotea kwenye kona. Mpwa wangu akanitazama. Dakika kumi baadaye kijana akarudi na ujumbe wa malipo kwenye simu yake: alikwenda hadi kilimani panaposhika mtandao, akalipa kwa salio lake mwenyewe. Nilimpa 2,000 ya mafuta akakataa. Alisema, "Mkirudi mniletee mkate wa mofa wa Tanga."

Kutoka Sigi barabara inapanda kwa kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde lenye giza. Kona ya sijui ngapi tairi la nyuma likatoka upepo. Wanaume tulishuka kusukuma mawe chini ya magurudumu, wanawake wakamulika kwa simu. Tulifika Amani saa mbili usiku. Bibi mwenye nyumba ya wageni (25,000 chumba, maji ya moto ya ndoo) hakutuuliza hata majina. Alituwekea magimbi ya kuchemsha na chai iliyonukia iliki mpaka mvuke wake ukatufungua pua.

Siku ya pili: msituni

Hii ndiyo siku iliyojaza kurasa nyingi kuliko zote.

Mwongoza njia wetu, mtu wa makamo aliyezaliwa kijiji kilichopakana na msitu, hakuanza na ndege wala wanyama. Alianza na mti mmoja mrefu, mnyoofu. "Huu ni msizi. Mgeni huyu." Wajerumani walifungua hapa kituo cha utafiti na bustani ya mimea mwaka 1902, wakajaza miti kutoka kila pembe ya dunia, na enzi zile za ukoloni msizi nao ukapandwa. Matunda yake hondohondo wanayapenda mno. Wanakula, wanaruka bonde zima, wanadondosha mbegu. Basi mti mkubwa wa asili ukianguka au ukikatwa, pengo lake linawahiwa na msizi. Alituonyesha pengo moja: miche ya misizi imesimama kama mahindi, na katikati mche mmoja tu wa asili, mwembamba, unatafuta jua. Aliushika shina kwa vidole viwili kama anayepima homa ya mtoto.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, ina hekta 8,380. Ukisikia hekta elfu nane unaona ni kubwa. Ukitembea ndani yake na mtu anayejua, unaona jinsi baadhi ya viumbe wake walivyobanwa kwenye kipande kidogo mno.

Tulishuka mpaka kijito kimoja, mawe yake yameota kuvu, tukakaa kimya karibu saa nzima. Hapo anatafutwa kereng'ende ambaye wataalamu walimwandika rasmi mwaka 1962 na kumpa jina la mtafiti wa mbu aliyefanya kazi Amani, Gillies. Jina kamili ni Amanipodagrion gilliesi, nimelinakili herufi kwa herufi. Hajulikani kuishi popote duniani isipokuwa kwenye misitu hii ya Amani na Sigi, na ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Hatukumwona. Nilitazama yale maji yanavyopita kwenye mawe, hayafiki hata kwenye goti, nikafikiria kwamba mtu mmoja tu akiamua kufyeka kivuli hiki alime, au kuchimba mchanga wake atafute dhahabu, habari ya mdudu huyu imekwisha duniani kote. Dhahabu si mfano niliobuni. Miaka ya 2000 watu walimiminika Sakale, kijiji cha milima hiihii, wakachimbua kingo za mito, na tope likateremka na Zigi.

Kilichotuonekea mchana ule ni ua. Kwenye mwamba wenye unyevu, ndani ya ufa usiopitisha kiganja, palikuwa na kishungi cha majani ya mviringo, mazito, yenye manyoya laini kama sikio la mbuzi mchanga. Juu yake maua matatu ya rangi ya zambarau, kila moja upana wa sarafu ya shilingi mia: petali mbili ndogo juu, tatu kubwa chini, na katikati vifuko viwili vya chavua, njano kabisa. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyetawala upande huu, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia, na tangu hapo limeuzwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani kote. Wajerumani mpaka leo hulitaja kwa jina la Usambara. Huku kwao asili linaishi kwa kivuli na unyevu. Mti wa juu ukiondoka mwamba hukauka, nalo hukauka. Mpwa wangu alipiga picha kumi na nane, halafu akaomba radhi kwa kuliangaza machoni.

Jioni, tukirudi, tulipita kwa mzee mmoja aliyekuwa akianua iliki. Alikuwa na shamba Derema, chini ya miti mikubwa, kama wenzake wengi. Iliki hupenda kivuli cha msitu, lakini ili uipande lazima ufyeke vichaka na miche yote ya chini, kwa hiyo miti mikubwa inazeeka bila watoto. Msitu wa Derema ulipowekwa kuwa hifadhi, ili kuunganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini yake, wakulima walilipwa fidia wakatoka. "Mimi sikatai msitu," alisema, "mvua naijua inakotoka. Lakini iliki ilinisomeshea watoto wanne. Fedha ya fidia haikumaliza hata paa." Alitufungia konzi ya iliki kwenye gazeti, tukailipia kwa kumlazimisha. Nimekuwa nikiyafikiria maneno yake tangu siku ile. Maji yanayofika mabombani Tanga yamepita kwenye shamba lake lililoachwa. Sisi wa chini hatujawahi kumuuliza alilipwa nini.

Usiku tulitoka na kurunzi (mwongoza njia anatoza 20,000 kwa mchana na usiku, na anazistahili). Vinyonga wakilala hupauka, mwanga ukiwapata wanaonekana weupe kwenye majani. Tulimwona dume wa pembe tatu, jina lake la kisayansi, Trioceros deremensis, limetokana na Derema ileile. Amefumba macho, mkia umekunjwa kama bangili, pembe zote tatu zinaelekea kwetu. Mwongoza njia aliweka mkono nyuma ya mwanga ili usimpige usoni. Zamani wageni walikuwa wanawanunua kwa vijana wa vijiji. Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Mita chache mbele, juu ya jani, chura asiyezidi kifundo cha kidole. "Huyu hatagi," akasema mwongoza njia. "Anazaa." Mpwa wangu, ambaye biolojia ndiyo somo lake, alidhani anataniwa. Kumbe kweli: jamii hii ya vyura hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, hawapiti kwenye viluwiluwi majini. Aliandika kwenye daftari lake, akapiga mistari miwili chini: *Chura wa Amani anazaa.*

Siku ya tatu: kushuka

Tuliamka saa kumi na moja kumtafuta ndege mdogo mwenye mdomo mrefu anayeshona majani kwa nyuzi za utando kutengeneza kiota. Anajulikana sehemu mbili tu duniani, Usambara Mashariki na milima ya Njesi kaskazini mwa Msumbiji. Tulimsikia. Mwongoza njia aliapa ni yeye.

Gari la kushuka linaondoka alfajiri, asiyelala karibu na kituo atalikosa. Sisi tulilikosa. Lori la majani ya chai lilitubeba mpaka Muheza, dereva hakutaka nauli, alitaka tu tumsimulie kinyonga.

Bwawa la Mabayani, lililojengwa 1978, ndilo linalokusanya maji ya Zigi kwa ajili ya jiji. Jioni, tukiwa tumerudi Tanga, tulikwenda kupunga upepo Raskazone. Ng'ambo ya ghuba ni Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Tuliitazama bahari katikati, tulivu, meli mbili zimetia nanga. Chini ya maji hayo ndiko tulikokuwa tunakwenda kesho, kwa maneno kama si kwa mwili. Naogopa mafuta karibu na maji haya, na sioni sababu ya kuficha.

Siku ya nne: Kigombe

Kigombe iko njiani kuelekea Pangani, kijiji cha wavuvi. Barabara ilikuwa inajengwa, vumbi jekundu, tulikula nusu saa nyuma ya greda. Tulishuka tukiwa kama tumepakwa hina.

Tulikuwa tumeelekezwa kwa mzee mmoja nahodha. Tulimkuta chini ya mkungu anashona wavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmekuja kwa samaki yule?"

Samaki yule ni silikanti. Wataalamu walikuwa wanamjua kwa mabaki ya mawe tu, wakaamini alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, hadi mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mhifadhi wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomkuta kwenye shehena ya samaki wa meli ya uvuvi. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Kwetu Tanga alianza kunaswa mwaka 2004, na ndani ya mwaka mmoja hivi walinaswa karibu 20, hesabu iliyowashtua wengi.

Babu alikuwa kwenye chombo kilichonasa mmoja wao. "Samaki wa karibu walikuwa wamekwisha," alianza. "Baruti zilikuwa zinalia kila siku, miamba imevunjika. Tukasogeza jarife mbali, kule ukuta unapotumbukia, tunatafuta papa. Pima hamsini, pima sitini. Asubuhi tunavuta, wavu mzito. Tukasema leo chewa. Kilipotokeza juu, kila mtu akanyamaza."

Alituonyesha kwa mikono. Urefu kama mtu mzima. Rangi ya samawati iliyokolea yenye mabaka meupe. Magamba ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa. Mapezi yametoka mwilini kwa vikonyo vya nyama, "kama mikono ya mtoto mchanga anayetaka kubebwa". Na macho: ukimulika yanawaka kijani kama ya paka. Walijaribu kumla? Alicheka. Nyama imejaa mafuta, aliyeonja alishinda chooni. Hakuna soko lake. Samaki huyu alikufa bila faida kwa mtu yeyote.

Nilimweleza babu kilichochapishwa mwaka 2021: watafiti walisoma alama za magamba wakaona silikanti huweza kufika umri wa karibu miaka 100, hupevuka akiwa na miaka hamsini na zaidi, na mimba yake huchukua takriban miaka mitano. Naye hazai mayai, huzaa watoto hai. Mpwa wangu aliruka: "Mjomba! Kama chura wa Amani!" Babu hakuruka. Aliweka sindano ya wavu chini. "Kwa hiyo yule tuliyemvuta," akasema taratibu, "labda alikuwa mkubwa kwangu."

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009, kilomita za mraba 552, kutoka kaskazini ya mdomo wa Mto Pangani kupanda hadi juu ya jiji la Tanga. Kigombe imo ndani. Babu aliacha jarife. Alitushikisha kipande kimoja alichobaki nacho: uzi mnene, tundu moja la wavu linapita kichwa cha mtoto. Sasa anavua kwa mshipi, na mkewe analima mwani. "Tuliambiwa tuache, tukaacha. Mshipi haulishi kama jarife, hilo nalo liandike." Nimeliandika.

Alitukatalia kuondoka na njaa. Tulikula wali wa nazi na changu wa kupaka aliyevuliwa kwa mshipi huohuo.

Siku ya tano: Pangani na Ushongo

Kivuko cha Pangani kilichelewa saa moja na nusu, tukanywa madafu. Ng'ambo ni Bweni, na kutoka hapo bodaboda kupita katikati ya minazi hadi Ushongo ni 10,000, ukipatana kabla ya kupanda.

Ushongo kuna wanakijiji wanaotunza viota vya kasa. Kijana aliyetupokea hutembea ufukwe kabla ya jua kuchomoza, anasoma michirizi. Jike akipanda usiku huacha njia kama ya tairi la trekta. Kiota huwa na mayai kama mia moja, na huchukua takriban miezi miwili. Mchanga ukiwa wa moto sana hutoka majike watupu, ukiwa wa baridi zaidi madume. Kasa hukaa miongo kadhaa kabla ya kupevuka, kisha hurudi kutaga pande zilezile alikozaliwa.

Mayai mengine huyaleta kutoka kisiwa cha Maziwe, maana yakiachwa kule bahari huyafunika. Lazima yafukuliwe ndani ya saa chache tangu kutagwa, na yabebwe bila kugeuzwa: upande uliokuwa juu ubaki juu. Alituonyesha ndoo yake, chini kuna mchanga wenye unyevu, na jinsi anavyokaa nayo kwenye mashua, ameikumbatia kwa miguu ili mawimbi yasiitikise.

Kiota kimoja kilikuwa na siku hamsini na sita. Alipiga magoti, akamwita mpwa wangu. Juu ya kiota mchanga ulikuwa umebonyea kidogo, kama pale mtu alipoegemeza kiwiko. "Wameshatoka kwenye maganda, wanapanda. Mchanga unashuka chini yao." Tulikaa mpaka saa sita usiku. Hawakutoka.

Siku ya sita: Maziwe

Kusi ilikuwa inavuma. Nahodha alikataa kuondoka alfajiri, akakubali saa nne upepo ulipopungua. Maziwe huendewa maji yakiwa yamepwa, kwa hiyo ulizia kwanza maji, usipange kwa saa yako. Na ada ya hifadhi nayo hulipwa kwa namba ya malipo.

Ni fungu la mchanga, basi. Mweupe, bila mti, bila jani. Lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na wakati huo lilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga hapa kuliko karibu sehemu yoyote ya pwani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, mchanga ukakosa wa kuushika. Baba yake nahodha aliwahi kulala chini ya mivinje ile akisubiri upepo. Nahodha mwenyewe amekikuta kisiwa hivi, kinazama na kuibuka kila siku. Katikati ya fungu tulikuta mchirizi mkavu, wa siku kadhaa, unapanda, unazunguka, unarudi majini. Kijana wa viota aliufuata kwa miguu mpaka mwisho. Jike alipanda, akachimba mara mbili, akaondoka bila kutaga.

Kuondoka kulikuwa kwa haraka, maji yalikuwa yameanza kujaa. Tulifika Tanga saa tatu usiku.

Siku mbili baadaye, nikiwa kazini, simu ililia. Ujumbe wa kijana wa Ushongo: "Shikamoo kaka. Wametoka jana saa tisa usiku. Nimehesabu mayai 104, viza 3. Mwambie mdogo wangu." Nilimpelekea mpwa wangu. Jioni nilimkuta ameandika hesabu ile chini ya chura na silikanti, ametoa tatu, na pembeni ameweka alama ya kuuliza. Alitaka kujua wangapi walifika majini.